Mwanangu, kabla hujasaini

Mwanangu,

Meseji yako ya sauti nimeisikiliza mara tatu. Unaniuliza kwa vile lile boksi lilikudondokea begani ukiwa umesimama ndani ya mstari wa njano, pale mlipokatazwa kusimama, basi kosa ni lako, sasa je una haki ya kudai fidia ya kuumia kazini au uchukue tu hizo hela bosi anazotaka kukupa mkononi usaini karatasi yaishe. Mi naomba nikuulize kwanza, siku ile ile uliyoumia nani aliandika, na aliandika nini? La kosa nitakujibu, lakini silo linaloninyima usingizi.

La kosa ni hivi. Nilipokuwa kwenye kamati ya chama cha wafanyakazi tulifundishwa kesi moja ya Uingereza ya mwaka 1837, kijana anaitwa Priestley kaajiriwa na mwenye bucha, Fowler, gari la farasi limejazwa mzigo kupita kiasi likavunjika njiani na yeye akavunjika paja. Akashtaki, mwishowe majaji wakamnyima, wakasema mtumishi akiona kazi ina hatari si akatae. Baada ya hapo miaka na miaka mtu akiumia anapewa moja ya majibu matatu, umezembea mwenyewe, au kazembea mwenzako kwa hiyo bosi hahusiki, au hatari uliijua ukaikubali. Mpaka Ujerumani ya kansela wao Bismarck ikatunga sheria mwaka 1884, waajiri wachangie bima na anayeumia alipwe bila kwanza kutafuta mwenye kosa, na Uingereza nayo ikaja na ya kwake mwaka 1897. Ndo mapatano yenyewe hayo mpaka leo sehemu nyingi duniani: wewe huna kazi ya kuthibitisha bosi alizembea, nawe kwa kawaida humburuzi mahakamani kudai zaidi ya kile sheria inachotoa. Kwa hiyo kukanyaga mstari wa njano peke yake kwa kawaida hakukunyimi haki. Kinachoweza kumnyima mtu kwenye sheria nyingi ni vitu kama kujiumiza makusudi au ulevi, na wewe hukulewa wala hukujivutia boksi.

Wanachouliza wanaoshughulikia fidia ni kitu kingine. Ulikuwa kazini? Ulikuwa unafanya kazi uliyoajiriwa? Kuumia kumetokana na kazi hiyo? Na haya yanajibiwa na karatasi, mama, hayajibiwi na machozi. Mali bila daftari hupotea bila habari, mmelisikia hilo kwangu toka mnanyonya.

Unajua mkono wangu wa kulia. Unajua dada yako ndo alikuwa anakusuka nywele, mi sikukusuka hata siku moja toka ulipofika darasa la pili, na ukaniambia siku ile tuliyogombana kwamba mama zao wenzako wanawasuka. Sikukujibu. Leo nakujibu.

Niliteleza pale kiwandani kwenye kupaki, sabuni ilikuwa imemwagika toka asubuhi na kila mtu anairuka, mi nimebeba katoni sioni chini. Kifundo cha mkono kikavunjika. Wenzangu wakanikimbiza hospitali nikapigwa eksirei nikafungwa hogo, na jioni supavaiza akaja kuniona. Alikuja na matunda mwanangu, akakaa kwenye kiti akaniuliza habari zenu mmoja mmoja kwa majina. Halafu akasema taratibu, mama, tukiandika umeumia kazini watakuja wakaguzi, mambo yatakuwa marefu, tuseme uliteleza nyumbani, hospitali nitalipa mimi na mshahara wako hautaguswa. Mi nikaona huyu ni mtu na utu wake. Nikakubali. Fomu ya taarifa ya ajali haikujazwa.

Na kweli alilipa, sitamsingizia, wiki tatu alilipa. Halafu akahamishwa. Aliyekuja akafungua faili langu akakuta hakuna kitu, mfanyakazi kaanguka kwake, na mfupa ulikuwa umeunga vibaya unatakiwa kuvunjwa upya. Wa kulipa nani? Hakuna. Ndo ulivyobaki ulivyo.

Sasa sikiliza kinachouma kuliko vyote, maana hata baba yenu sikumwambia. Miaka imepita, natafuta vyeti vyenu vya kuzaliwa kwenye lile sanduku la bati, naikuta ile kadi ya hospitali. Naigeuza nyuma. Daktari wa zamu aliyenipokea aliandika kwa mkono wake, mgonjwa anasema ameteleza kwenye sakafu kiwandani, na saa kaweka. Aliandika kabla supavaiza hajafika na matunda yake. Yaani ushahidi nilikuwa nao ndani ya nyumba yangu muda wote naulalia, na muda wa kudai ulishapita kitambo. Nilikaa chini pale pale nikalia, wewe ukaingia ukaniuliza nini nikasema vumbi.

Kwa hiyo huo msemo wangu wa daftari hautoshi, naona hivyo siku hizi. Daftari lilikuwepo. Sikulisoma. Lakini ngoja, hata ningelisoma si mimi mwenyewe nilikuwa nimeshakubali kusema nyumbani? Ningesimama na kadi inayosema kiwandani na mdomo uliosema nyumbani, wangeamini kipi? Nadhani kadi, kwa sababu iliandikwa saa ile ile maumivu yakiwa mabichi, kabla mtu hajawa na sababu ya kubadilisha maneno. Nadhani. Nimeligeuza hili usiku mwingi sijapata jibu.

Turudi kwenye bega lako. Hizo hela za mkononi ziangalie vizuri ni za nini. Fidia ina vipande vyake. Kuna matibabu. Kuna sehemu ya mshahara wakati huwezi kufanya kazi, mkataba namba 121 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1964 unaweka kiwango cha chini asilimia 60 ya mshahara kwa mfanyakazi mwenye familia ya kawaida, na ile sheria ya Wajerumani toka mwanzo ilitoa theluthi mbili kwa asiyeweza kazi kabisa, ingawa wiki 13 za mwanzo mtu alikuwa mikononi mwa bima ya ugonjwa. Halafu kuna ulemavu wa kudumu, na hapa ndo watu wanaibiwa. Asilimia ya ulemavu inapimwa matibabu yakishafika mwisho, pale daktari anaposema hapa ndo limefikia, haliendi mbele wala halirudi nyuma. Bega lako bado linavimba. Huna hata mwezi. Sasa huyo anayekupa hela leo amelipimaje?

Na soma hiyo karatasi inasemaje mwishoni. Kama imeandikwa kwamba hudai tena chochote, ujue unauza na matibabu ya baadaye, hata bega likihitaji operesheni mwakani. Ulizia pia kama ile rafu lilikodondoka boksi ilifungwa na kampuni nyingine, maana mapatano yale ni kati yako na mwajiri wako, aliyefunga rafu vibaya ni mtu wa tatu na sehemu nyingi huyo anadaiwa kivyake. Wakikukatalia madai kuna mlango wa rufaa, na una siku za kuhesabu, usizilalie.

Lakini na mimi si mtu wa kukulazimisha. Najua kodi inasubiri na madai yanaweza kuchukua miezi. Najua bosi wako siye supavaiza wangu, pengine ni mtu mwema kabisa anataka usihangaike. Tatizo hata yule wangu alikuwa mwema, ndo kinachonichanganya, angekuwa mkali ningejaza fomu. Dada yako anasema nimwache mtoto aamue, ni mtu mzima. Sawa. Usaini au usisaini sitasema. Ningekuwa mimi... hapana, nimesema sitasema, nimeshafuta mstari huu mara mbili.

Ila taarifa ya ajali kaandike kesho asubuhi kama haijaandikwa, hata uwe umeamua kuchukua hizo hela. Andika ukweli na mstari wa njano uuweke humo humo, usiufiche, na majina ya waliokuwepo, na ubaki na nakala yenye mhuri. Hilo la kuandika siombi, nakuagiza.

Na kadi ya hospitali nipigie picha usiku huu unitumie. Mbele na nyuma.

Mama