Counterspell au Mana Leak? Majibu kwa Wasomaji Kuhusu Karata za Kuzuia

Safu hii imepokea barua kadhaa kutoka kwa wasomaji wa Dar es Salaam wanaocheza Magic: The Gathering, mchezo wa karata za kukusanya uliobuniwa na Richard Garfield na kutolewa na kampuni ya Wizards of the Coast mwaka 1993. Nyingi zinauliza juu ya karata za buluu za kuzuia, yaani zile ambazo mchezaji huzitoa mara tu mpinzani anapocheza karata yake, ili karata hiyo ibatilike kabla haijafanya kazi. Tumechagua barua nne, kwa kuwa zote zinagusa jambo moja: karata mbili zinazofanana kwa maandishi zinaweza kutofautiana sana zinapowekwa ndani ya fungu fulani, yaani seti ya karata ambazo mchezaji anaingia nazo mchezoni, mbele ya wapinzani fulani.

SWALI: Mimi na wenzangu tunacheza kwa kanuni za Pauper, zinazoruhusu tu karata zilizowahi kuchapishwa katika daraja la kawaida. Fungu langu la karata 60 ni la buluu na nyekundu, lina viumbe wadogo wa haraka, na ardhi 22: Visiwa 9, Milima 9 na ardhi 4 zinazotoa rangi zote mbili. Nimebakiwa na nafasi nne za karata za kuzuia. Kaka yangu anasema Counterspell ni bora siku zote kwa sababu haina masharti, lakini mimi naona Mana Leak inanisaidia zaidi. Nani yuko sahihi? Msomaji, Sinza.

JIBU: Ndugu msomaji, kwa fungu ulilolieleza wewe ndiye uliye sahihi, ingawa hoja ya kaka yako haifai kupuuzwa. Karata zote mbili zinagharimu mana mbili, yaani nguvu ya kulipia karata inayotolewa na ardhi, ndiyo maana watu huzilinganisha kwa kusoma maandishi peke yake. Counterspell, iliyokuwamo katika toleo la kwanza kabisa la mwaka 1993, inabatilisha karata yoyote inayochezwa. Mana Leak, iliyotoka mwaka 1998 katika toleo la Stronghold, inaibatilisha karata hiyo isipokuwa mwenyewe alipe mana tatu zaidi. Ukiishia hapo, Counterspell inashinda bila ubishi. Lakini Counterspell inataka mana mbili zote ziwe za buluu, wakati Mana Leak inataka moja ya buluu na nyingine ya rangi yoyote, na katika fungu la rangi mbili tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama karata itachezwa au itabaki mkononi ikitazamwa.

Tufanye hesabu kwa ardhi zako mwenyewe. Vyanzo vyako vya buluu ni 13, yaani Visiwa 9 pamoja na zile ardhi 4 za rangi mbili. Ukianza wewe, kufikia zamu yako ya pili utakuwa umeona karata 8: saba za mkono wa kwanza na moja uliyovuta, kwa kuwa anayeanza mchezo havuti karata katika zamu ya kwanza. Uwezekano wa kuwa na angalau vyanzo viwili vya buluu ndani ya karata hizo 8 ni takriban asilimia 56. Uwezekano wa kuwa na angalau ardhi mbili, na mojawapo iwe ya buluu, jambo ambalo linatosha kwa Mana Leak, ni takriban asilimia 81. Hata ukifika zamu ya sita, ukiwa umeona karata 12, bado katika michezo mitano utakuwapo karibu mmoja ambao buluu ya pili haijaja. Zaidi ya hayo, nimehesabu kana kwamba ardhi zako za rangi mbili zinaingia zikiwa zimesimama, yaani tayari kutumika, ilhali katika Pauper nyingi huingia zimelala na haziwezi kutumika hadi zamu inayofuata, kwa hiyo asilimia zote mbili huenda zikawa chini kidogo ya hapo.

Udhaifu wa Mana Leak unajulikana, na kaka yako ana haki ya kuutaja. Chukua zamu ya nane: mpinzani ana ardhi nane, anacheza kiumbe wa mana tano, anabakisha ardhi tatu zimesimama. Ukimtolea Mana Leak, atazilaza zile tatu, yaani atazitumia kulipa, kiumbe atashuka mezani, nawe utakuwa umepoteza karata na mana mbili bure. Mchezaji mwenye subira hujifunza haraka kubana ardhi tatu kila anapokuona umeacha mbili zimesimama. Hata hivyo, subira hiyo ina gharama, na hapa ndipo aina ya fungu lako inapoingia. Viumbe wako wadogo wanashambulia kila zamu, na mpinzani aliyeanza na pointi 20 za uhai hawezi kuendelea kungoja ardhi tatu za ziada huku akipigwa pointi nne au tano kwa zamu. Akicheza mapema, Mana Leak inamzuia sawasawa na Counterspell. Akichelewa, viumbe wako wanammaliza. Karata inayopoteza nguvu kadiri mchezo unavyorefuka haimwumizi anayekusudia kuumaliza mchezo mapema.

Ushauri wangu ni kwamba nafasi zote nne uzijaze Mana Leak. Kaka yako atakuwa sahihi siku utakapojenga fungu la buluu tupu, au fungu la polepole linalotaka kufika zamu ya kumi likiwa bado linadhibiti kila kitu. Katika fungu la polepole la rangi mbili, panga ardhi kwanza ndipo uchague karata: ukifikisha vyanzo 18 vya buluu, uwezekano wa kuwa na viwili kufikia zamu ya pili unapanda hadi takriban asilimia 76, na hapo Counterspell inastahili nafasi yake. Nguvu yake haina shaka hata kidogo. Katika matoleo ya msingi ya mchezo huu ilichapishwa hadi Toleo la Saba la mwaka 2001, kisha katika Toleo la Nane la mwaka 2003 Mana Leak ikaingia na Counterspell ikabaki nje, na wachezaji wa Modern, mfumo mwingine wa kanuni unaoruhusu karata za matoleo fulani tu, waliisubiri Counterspell hadi mwaka 2021 ndipo wakaruhusiwa kuitumia, ilipoingizwa kupitia toleo la Modern Horizons 2.

SWALI: Nina fungu la buluu na kijani lenye viumbe wachache wakubwa. Nataka kuongeza karata tatu za kuzuia, na nilizonazo ni Essence Scatter na Negate. Wenzangu wengi hucheza viumbe, kwa hiyo nimeelekea Essence Scatter. Je, nimefikiri vyema? Msomaji, Temeke.

JIBU: Umetazama wanachocheza wenzako, na hilo ni jambo jema, ila umesahau kutazama unachotaka kukilinda. Essence Scatter inabatilisha kiumbe tu, na Negate inabatilisha chochote kisicho kiumbe. Zote zinagharimu mana mbili, moja ya buluu na nyingine ya rangi yoyote. Bei ni moja, kwa hiyo suala lote ni zinagusa nini.

Fungu lako linategemea kiumbe mkubwa mmoja ashuke, adumu, ashambulie mara chache mchezo uishe. Viumbe vya wenzako si tishio kubwa kwake, kwa sababu ni mkubwa kuliko wao. Kinachomwua ni karata ya kuangamiza, au ya kumrudisha mkononi, au ya kumzuia asishuke kabisa, na hizo zote si viumbe. Negate inazikamata zote. Inakamata hata Counterspell ya mpinzani: unacheza kiumbe wako, yeye anatoa Counterspell, wewe unaijibu kwa Negate, na kwa kuwa karata iliyotoka mwisho ndiyo inayotekelezwa kwanza, Counterspell yake inabatilika na kiumbe wako anashuka. Essence Scatter haiwezi kazi hiyo hata kidogo.

Weka Negate mbili ndani ya fungu na Essence Scatter moja, kisha Essence Scatter zilizobaki ziingie katika zile karata 15 za akiba ambazo kanuni zinakuruhusu kuzibadilisha kati ya mchezo wa kwanza na wa pili. Uwe mwangalifu na jambo moja linalozua ugomvi mezani: karata ambayo ni kiumbe na papo hapo ni kifaa huhesabiwa kuwa kiumbe, hivyo Negate haiigusi. Aidha, uwezo wa kiumbe ambaye tayari yuko mezani si karata inayochezwa, na ardhi pia haichezwi kwa njia inayoweza kuzuiwa, kwa hiyo hakuna mojawapo ya karata hizi itakayozigusa.

SWALI: Sielewi faida ya Remand na Memory Lapse. Ninamzuia mpinzani kwa mana mbili, halafu karata yake inamrudia! Si bora nimzuie moja kwa moja? Msomaji, Magomeni.

JIBU: Karata inamrudia, ndiyo, lakini mana aliyoilipa hairudi, na katika mchezo huu zamu iliyopotea ni mali. Tuseme mpinzani yuko zamu ya tano na amelaza ardhi zote tano ili acheze karata moja kubwa. Remand, iliyotoka mwaka 2005 katika toleo la Ravnica, inairudisha karata hiyo mkononi mwake, na wewe unavuta karata mpya. Kwa upande wa karata hakuna aliyepoteza: yeye anayo ileile, nawe umeibadilisha Remand kwa nyingine. Kwa upande wa muda, umetumia mana mbili kuharibu mana tano, na zamu yake nzima imekwenda bila kitu.

Memory Lapse, ya mwaka 1995, inafanya kitu kikali zaidi kuliko kinavyoonekana. Haimrudishii mpinzani karata mkononi, bali inaiweka juu ya rundo lake la kuvuta karata, kwa hiyo zamu inayofuata atavuta ileile badala ya karata mpya. Wewe umetoa karata moja, yeye amepoteza nafasi moja ya kuvuta karata mpya. Mko sawa, naye amepoteza zamu juu yake. Na ikiwa kabla ya kuivuta atalazimika kuchanga rundo lake, au ukimfanya atupe karata ya juu, basi hatimaye umemzuia kabisa.

Kati ya hizo mbili, mimi ningechagua kwa kuangalia bei ya karata za mpinzani. Akicheza karata za mana moja, Remand ni dhaifu, kwa sababu ataicheza tena zamu hiyohiyo huku wewe ukiwa umeshalaza ardhi zako. Memory Lapse haimpi nafasi hiyo hadi aivute upya. Akicheza karata kubwa za mana nne na kuendelea, Remand ni nzuri mno, hasa kwa fungu linaloshambulia. Nayo ina matumizi ambayo wachezaji wengi hawayafikirii: unaweza kuielekeza kwenye karata yako mwenyewe. Mpinzani akikutolea Counterspell dhidi ya karata yako ya thamani, wewe unaijibu kwa kujirushia Remand. Karata yako inarudi mkononi, unavuta nyingine, na Counterspell yake inakosa cha kuzuia, inakwenda kaburini, yaani kwenye rundo la karata zilizokwisha kutumika, bila kazi. Nimeliona hilo likigeuza mchezo ambao kila aliyekuwa mezani aliuhesabu kuwa umekwisha.

SWALI: Tunacheza kwa kanuni za Commander, mfumo wa kuchezwa na watu wengi, nasi tuko wanne nyumbani. Kila ninaposoma juu ya karata za kuzuia, Force of Will inasifiwa kuliko zote, lakini bei yake siiwezi. Nichapishe nakala steshenari, au niendelee na Counterspell? Msomaji, Mbezi.

JIBU: Kwa mchezo wa nyumbani, nakala ya kuchapisha ni makubaliano yenu ninyi wanne, katika mashindano rasmi haikubaliki. Lakini kabla ya kwenda steshenari, tazama karata yenyewe. Force of Will ya mwaka 1996 inagharimu mana tano, au pointi moja ya uhai pamoja na kuiondoa mchezoni karata nyingine ya buluu iliyo mkononi mwako. Sifa yake inatokana na hiyo njia ya pili: unaweza kuzuia ukiwa huna hata ardhi moja iliyosimama, na katika mifumo ambayo mtu anaweza kushinda zamu ya kwanza au ya pili, kinga hiyo ndiyo inayokuweka hai.

Bei yake ni kwamba unatoa karata mbili kuzuia moja. Mkiwa wawili mezani hasara hiyo inavumilika. Mkiwa wanne, kila unapomzuia mmoja kwa karata zako mbili, wale wengine wawili hawajatoa chochote na wanavuta karata zao kama kawaida. Kama mezani kwenu hakuna anayeshinda kabla ya zamu ya sita, na kila mtu anaanza na pointi 40 za uhai, hatari ambayo Force of Will ilitengenezewa haipo. Endelea na Counterspell, usiitoe kwa kila kinachochezwa, na uitunze kwa ajili ya karata ile moja ambayo ikipita ninyi watatu wote mnashindwa.