Swali la lugha: "Komponenti rejelevu inarenda teksti"

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi na wenzangu wawili hapa Nzuguni, Dodoma, tunaunda programu ya simu ya kuwapa wakulima wa zabibu wa Hombolo na Mpunguzi maelezo ya kupogoa na kupiga dawa. Sehemu za skrini, kama vile vitufe, kadi na orodha, tunaziandika mara moja na kuzitumia katika kurasa nyingi. Maelezo yenyewe hutoka kwenye seva yakiwa na alama za Markdown, yaani alama kama nyota zinazoandikwa ndani ya maandishi ili kuonyesha sura yake, na simu huzigeuza kuwa vichwa vya habari, herufi nzito na viungo. Katika mwongozo wetu tumeandika: "Komponenti rejelevu inarenda teksti iliyofomatiwa." Mmoja wetu anasema hicho si Kiswahili. Tuandikeje?

JIBU: Marahaba. Mwenzenu ana hoja, ingawa tatizo si kukopa. Skrini, seva na programu ni maneno ya kukopa, nayo yanatufaa kila siku. Tatizo la sentensi yenu ni kwamba asiyejua kazi hiyo tayari hawezi kuambulia chochote humo, ilhali mwongozo huandikwa kwa ajili ya yule ambaye bado hajajua.

"Komponenti" ina neno lake, nalo ni kijenzi. Limeundwa kwa njia ileile iliyotupatia mjenzi kutokana na kujenga. Msiweke kipengele mahali pake, kwa kuwa watu wamekwisha kuzoea kusema vipengele vya simu wakiwa na maana ya mambo ambayo simu inaweza kufanya. Kiungo nacho kimeshika kazi nyingine, kama ninyi wenyewe mlivyokitumia katika swali lenu.

"Rejelevu" ndiyo inayonisumbua zaidi. Vivumishi vyetu vya -vu humsifu mwenye hali: mtulivu ametulia yeye mwenyewe, na mwelekevu huelekea mwenyewe. Kwa mantiki hiyo kijenzi rejelevu kingekuwa kijenzi kinachorejelea jambo fulani, wakati ninyi mnataka kusema kwamba mwandishi wa programu ndiye anayekitumia mara nyingi. Aidha, kurejeleza kumekwisha kuwa neno la taka, pale plastiki inapoyeyushwa ikawa kitu kingine. Hata "kinachotumika tena" hakinitoshelezi sana, maana chupa ya soda hutumika tena baada ya matumizi ya kwanza kwisha, lakini kitufe chenu kimo katika kurasa kumi kwa wakati mmoja. Nilifikiria kuazima kalibu ya matofali, ambayo moja hutoa matofali mengi, nikaiacha kwa sababu ukibadili kalibu, matofali yaliyokwisha kukauka hayabadiliki, ilhali ninyi mkirekebisha rangi ya kitufe mahali pamoja, kurasa zote hubadilika. Kwa hiyo napendekeza kijenzi cha pamoja, kama tusemavyo kisima cha pamoja: kitu ni kimoja, wanaokitegemea ni wengi, na kikiguswa wote huguswa.

Kuhusu "teksti iliyofomatiwa", jihadharini. Mitaani kufomati flashi ni kufuta kila kilichomo, na msomaji anaweza kudhani kwamba maelezo ya wakulima yamefutwa. Lipo umbizo, lililotokana na umbiza kama punguzo lilivyotokana na punguza. Andikeni matini yenye umbizo. Mimi husema matini hii, wala si matini haya, kwa sababu ma- ya neno hilo si kiambishi cha wingi bali ni sehemu ya neno lenyewe tangu Kiarabu.

Sasa tufike kwenye "kurenda", yaani "render" ya Kiingereza, neno ambalo ndani yake mmebana kazi mbili, na kila moja inastahili jina lake. Markdown, iliyotolewa na John Gruber mwaka 2004, huweka nyota mbili kabla na baada ya neno ili lionekane kwa herufi nzito. Simu haizielewi nyota hizo yenyewe. Programu lazima kwanza iisome matini, itambue kichwa cha habari ni kipi, aya ni ipi na neno la kukolezwa ni lipi, kisha ivipange kama mti wenye matawi. Kila aliyesoma Kiswahili sekondari ameifanya kazi hiyo kwa mkono wake: ni uchanganuzi wa sentensi kwa njia ya matawi, ambapo S iligawanyika kuwa KN na KT hadi tukafika kwenye neno mojamoja. Basi hatua hiyo iitwe kuchanganua, na chombo chake kichanganuzi.

Hatua ya pili ni kuupa mti huo sura ya kuonekana, na hapa nashauri kusawiri. Wanafunzi hulikuta katika maswali ya fasihi, wanapoulizwa mwandishi amemsawiri vipi mwanamke. Kusawiri, taswira na sura ni watoto wa mzizi mmoja wa Kiarabu, na sura hiyohiyo inasikika katika kiolesura, neno tulilokwisha kulizoea. Kwa hiyo kiolesura kinaposawiri matini, maneno yenyewe yanatambuana. Kuonesha ni kupana mno, kwani hata nyota zikibaki kama zilivyo bado matini imeoneshwa. Kuchora nako ni hatua ya mwisho kabisa, pale nukta za rangi zinapowekwa kwenye kioo.

Badilisheni pia "inarenda" kuwa kitenzi chenye hu-, kwa kuwa mnaeleza kazi ya kawaida ya kijenzi, wala si jambo linalotokea sasa hivi. Sentensi yenu itakuwa: "Kijenzi cha pamoja huchanganua alama za Markdown, kisha husawiri matini yenye umbizo." Imekuwa ndefu kuliko ya kwanza, na urefu huo naukubali.

Maneno haya, hata hivyo, yabaki katika mwongozo wenu. Mkulima wa Mpunguzi aliyesimama shambani na simu mkononi asikutane na matini wala umbizo. Uchanganuzi ukikwama, kiolesura kimwambie tu: "Maelezo hayajafunguka. Jaribu tena."