Kabla ya kupiga dawa ya majani kwenye kokoto, angalia mwembe uko wapi

Mwaka wangu wa kwanza kutunza mazingira ya kituo kimoja cha afya mkoani Tanga, ndago zilinitesa. Uwanja wa mbele umemwagwa kokoto, na kila ikinyesha zinachomoza kati ya mawe kana kwamba hakuna aliyepalilia jana. Jamaa mmoja aliyewahi kufanya kazi kwenye shamba la mkonge akaniambia, "Kaka, acha kujichosha. Tafuta ile ya unga. Ukipiga mara moja, unasahau mwaka mzima."

Ilikuwa dawa ya majani iitwayo bromasili. Nilipiga mwezi Machi, masika yakiwa mlangoni, na wala sikupima. Nilichota kwa kijiko nikajaza bomba la mgongoni mpaka maji yakawa mazito kama tui. Baada ya wiki chache uwanja ulikuwa mtupu kabisa. Nikasifiwa.

Mwezi Mei mwembe wa karibu na geti, ambao kina mama hukaa chini yake wakisubiri kliniki, ukaanza kubadilika. Niliokota jani nikalitazama vizuri: mishipa imegeuka njano, ila katikati ya mishipa bado kijani. Majani yakapukutika, yakachipua mengine, nayo yakageuka vilevile. Mwembe wenyewe sikuupulizia hata tone. Nilikuwa nimesimama hatua kumi kutoka kwenye shina.

Hapo ndipo nilipoelewa dawa hizi zinavyofanya kazi. Glaifoseti huingilia kwenye jani, na ikidondoka ardhini hushikwa na udongo, kwa hiyo mizizi haiipati kirahisi. Bromasili, diuroni na imazapiri hukaa ardhini zikisubiri mizizi, na mzizi wa ndago na wa mwembe kwao ni mmoja. Mizizi ya mti huenda mbali kupita kivuli chake. Tena kokoto hazina mboji ya kuishika dawa, na bromasili huyeyuka upesi kwenye maji. Mvua kubwa ikija huteremka nayo hadi kwenye mizizi, mtaroni, hata kisimani. Wanaolima mahindi wanaijua habari hii kwa atrazini, dawa ya kuua magugu kwenye mahindi: msimu unaofuata ukipanda maharage palepale, yanakauka.

Kwa hiyo ukikabidhiwa uwanja wa shule, wa msikiti au stendi, kwanza zunguka. Tazama miti iko wapi, hata ya jirani ng'ambo ya ukuta, na maji ya mvua yanaelekea wapi. Kama kuna mti, bustani ya mboga au kisima karibu, dawa inayokaa ardhini isiingie hapo. Usinunue unga uliofungwa kwenye mfuko usio na lebo. Dawa halali inakuwa na namba ya usajili wa TPHPA, mamlaka ya serikali inayosimamia viuatilifu, na kipimo kwa eneo. Na bomba lililobeba dawa hizo lisiende tena kwenye mchicha, hata ukiliosha mara tatu. Mabaki kidogo tu yanatosha kuharibu tuta.

Mimi sasa napalilia siku ya pili baada ya mvua, ndago zikiwa changa na ardhi laini, nikichimba hadi kwenye vile viazi vidogo vyeusi vya chini. Njia ya wagonjwa tumeiongezea kokoto, unene wa kiganja kizima, juu ya turubai nene. Pembeni nimeacha nyasi nazikata kwa kwanja, kwa sababu masika yaliyofuata ardhi tupu ilichimbika makorongo.

Mwembe ulikatwa. Kabla ya kupanda mwingine nilichota udongo wa pale nikajaza makopo mawili, na mawili mengine nikaweka udongo wa nyumbani, nikapanda maharage yote siku moja. Ya nyumbani yalistawi. Ya uwanjani yaliota, yakatoa majani, kisha yakageuka njano na kufa. Nimerudia jaribio hilo kila baada ya miezi michache. Safari hii yamefika wiki ya nne yakiwa kijani, na shimo la mche nimeshalichimba.