Adhabu Aliyoipenda Mwanangu

Jana usiku mama mmoja wa Kayole aliniandikia. Ameitwa shuleni mara tatu ndani ya wiki mbili kwa kuwa mwanawe wa PP2, darasa la mwisho la chekechea, anauma wenzake. "Wewe ulifanyaje?" Nikacheka, kisha nikakumbuka, kicheko kikaisha.

Wangu hakuuma, alipindua madawati. Alikuwa gredi ya kwanza, na kila nikiona namba ya shule kwenye simu, tumbo linanikata. Siku moja mwalimu alinisimamisha langoni mbele ya wazazi wengine: "Mama, huyu hajafunzwa adabu nyumbani." Miaka minne imepita, na hadi leo nikipita pale natazama ng'ambo ya barabara.

Nilimchapa? Nilimchapa. Kiboko kilipigwa marufuku shuleni tangu 2001, na ibara ya 53 ya Katiba ya Kenya inamlinda mtoto dhidi ya ukatili wa kila aina na adhabu za kinyama. Ibara hiyo niliikariri ili nimtishie mwalimu. Nikifika nyumbani, nachukua mwiko.

Foleni na makaratasi ya kupimwa KISE, taasisi ya elimu maalumu kule Kasarani, siyasimulii. Kilichotufungua macho ni daftari. Mtaalamu wa tiba alitaka kila tukio liandikwe: kilichotangulia, alichofanya mtoto, kilichofuata. Mwalimu msaidizi, Mungu ambariki, akaandika wiki mbili nzima. Nikalisoma kwenye matatu, Thika Road imesimama tuli. Kunakili ubaoni, dawati, akatolewa nje. Imla, dawati, nje. Kuandika, daftari likachanwa, nje. Kwenye nyimbo, shwari. Kuhesabu vizibo, shwari.

Mtoto alikuwa anaikimbia penseli! Vidole vyake vilikuwa dhaifu, vinachoka upesi, na sisi tukiita adhabu kile ambacho kwake kilikuwa likizo. Nami sikuwa bora: akilia kwenye tiba, nampa simu. Akajua bei ya kilio.

Tukabadilisha. Mistari miwili badala ya kumi, penseli nene, na kadi ya kuonyesha amechoka. Akiitoa, anapumzika dakika mbili dirishani. Akipindua dawati, hatoki. Anasaidiwa kuliinua na mistari yake miwili inamngoja.

Wiki ya kwanza mambo yaliharibika zaidi. Alipindua hata meza ya mwalimu. Hapa ndipo wazazi wengi hukata tamaa, na hapa ndipo nawasihi mkaze roho. Mlango uliokuwa ukifunguka kila siku, ukifungwa, mtoto kwanza ataugonga kwa nguvu zaidi.

Basi, mama wa Kayole, chukua daftari. Anayeuma ili anyang'anye kigari si sawa na anayeuma kwa kusukumwa kwenye foleni ya uji. Dawa zao ni mbili tofauti. Chukua daftari. Wakikwambia "ataacha akikua", itikia kwa heshima kisha uandike. Na wazazi tuache kukaa kwenye benchi la nje tukichezea simu huku mtoto yuko kwenye tiba. Ingia ndani uone, kwa maana mtaalamu anakaa naye saa moja, wewe una naye wiki nzima.

Wangu sasa yuko gredi ya tano. Ijumaa alileta insha ya ukurasa mmoja na nusu kuhusu jogoo wa jirani, mwandiko kama msafara wa siafu. Nimeitoa nakala mbili. Moja iko ukutani. Ya pili nimeiweka kwenye bahasha, nimeandika jina la yule mwalimu wa langoni, na bado imo mkobani.