Maswali ya Wasomaji: Ireland Moja, Nani Atalipa na Nani Atapiga Kura?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni Mtanzania na ni muuguzi katika hospitali moja mjini Belfast. Wenzangu kazini wamegawanyika. Wapo wanaotaka Ireland ya Kaskazini iungane na Jamhuri ya Ireland hata kesho, na wapo wanaosema siku hiyo ikifika watafungasha virago. Naomba kuelezwa bila ushabiki: muungano huo unatekelezeka? Ukitekelezwa, utamfaa nani? Na sisi wageni tuna nafasi gani ndani yake? (Dada Muuguzi, Belfast)

JIBU: Dada Muuguzi, tuanze na sheria, maana upande huo uko wazi kuliko wengi wanavyodhani. Kisiwa kiligawanywa mwaka 1921, kwa sheria ambayo Bunge la London lilikuwa limeipitisha mwaka uliotangulia. Kaunti sita kati ya tisa za jimbo la Ulster zilibaki chini ya Uingereza kwa kuwa kwa ujumla wake zilikuwa na Waprotestanti wengi waliotaka hivyo, huku Donegal, Cavan na Monaghan zikiangukia upande wa Kusini, yaani Jamhuri ya leo. Baada ya miongo mitatu ya machafuko yaliyoua watu zaidi ya 3,500, Mkataba wa Ijumaa Kuu wa tarehe 10 Aprili 1998 ulikubali kwamba Kaskazini itabaki Uingereza hadi wengi wa wakazi wake watakapoamua vinginevyo kwa kura, na kwamba Jamhuri nayo itapaswa kutoa ridhaa yake. Wananchi waliupitisha mkataba huo mwezi Mei mwaka huohuo, kwa asilimia 71 Kaskazini na 94 Kusini. Mwaka 2017 viongozi wa Umoja wa Ulaya nao walikubaliana kwamba Ireland ikiungana kwa njia hiyo, kisiwa chote kitakuwa ndani ya Umoja bila kuomba uanachama upya, kama ilivyokuwa kwa Ujerumani Mashariki mwaka 1990.

Hata katika maisha ya kila siku, kazi haianzi sifuri. Soko la umeme ni moja kwa kisiwa kizima tangu 2007. Timu ya taifa ya raga ni moja, na makanisa makubwa hayakuwahi kugawanyika kwa kufuata mpaka. Kwako wewe uliye hospitalini, mfano ulio karibu zaidi ni watoto wa Kaskazini wanaohitaji upasuaji wa moyo, ambao hupelekwa Dublin, wakati wagonjwa wa saratani wa Donegal hutibiwa kwa mionzi katika hospitali ya Altnagelvin mjini Derry, kituo ambacho serikali ya Dublin ilichangia kukijenga. Kwa hiyo atakayekuambia kwamba pande hizi mbili haziwezi kuendesha jambo pamoja atakuwa hajatazama.

Ugumu unaanza kwenye fedha. London hutumia Kaskazini kuliko kodi inayoikusanya huko, na katika miaka ya karibuni pengo hilo limekuwa likikadiriwa kufikia kama pauni bilioni 10 kwa mwaka. Likibebwa na Uingereza nzima yenye watu zaidi ya milioni 67, halitikisi hazina. Likihamishiwa kwa Jamhuri, ambayo sensa ya 2022 iliihesabia watu milioni 5.1, kila mlipakodi atalihisi. Mwaka 2024 wachumi John FitzGerald na Edgar Morgenroth walikadiria kwamba muungano ungegharimu kati ya yuro bilioni 8 na 20 kwa mwaka, kiasi cha juu kikitokana na kuipandisha mishahara ya umma na malipo ya ustawi wa jamii ya Kaskazini ilingane na ya Kusini. Profesa John Doyle wa Chuo Kikuu cha Jiji la Dublin aliipinga hesabu hiyo. Kwa maoni yake, ndani ya pengo hilo mmehesabiwa mambo ambayo Dublin haitayarithi, yakiwemo fungu la deni la Uingereza, matumizi ya jeshi lake, na pensheni za watu waliozichangia London maisha yao yote ya kazi.

Kwa maoni yangu, ubishi huu wachumi hawawezi kuumaliza. Tarakimu kubwa kuliko zote ndani yake ni pensheni na deni, na nani atazilipa ni suala litakaloamuliwa katika mazungumzo ya serikali mbili, wala si darasani. Ni kweli kwamba Dublin imekuwa na ziada katika bajeti, lakini sehemu kubwa ya ziada hiyo inatoka kwenye kodi ya makampuni machache ya Kimarekani, na mapato ya namna hiyo yanaweza kuondoka kama yalivyokuja. Wanaopenda kuutaja mfano wa Ujerumani wanapaswa kukumbuka pia kwamba wakazi wa Mashariki walikuwa karibu moja ya tano ya taifa lililoungana, ilhali watu milioni 1.9 wa Kaskazini watakuwa zaidi ya robo ya kisiwa, na kwamba Wajerumani walianza kulipa kodi maalumu ya mshikamano mwaka 1991 ambayo wengi wao hawakuondolewa hadi 2021.

Sasa hospitali yako, ambako naamini kura nyingi zitapatikana au kupotea. Belfast mgonjwa humwona daktari wa familia bila kutoa hata senti. Kusini, asiye na kadi ya matibabu inayotolewa kwa kuangalia kipato hulipa mfukoni, kwa kawaida yuro 50 au zaidi kwa kila ziara, na akienda idara ya dharura bila barua ya daktari hutozwa yuro 100. Kwa upande mwingine, foleni za upasuaji Kaskazini ni miongoni mwa zilizo ndefu kuliko zote Uingereza, na wewe unalijua hilo kuliko mimi ninayeandika nikiwa mbali. Jamhuri ina mpango uitwao Sláintecare, ulioandikwa mwaka 2017, wa kufikia huduma kwa wote kulingana na mahitaji ya mgonjwa badala ya mfuko wake, lakini unakwenda polepole. Dublin ikitaka kumshawishi mama wa Kiprotestanti wa Ballymena, mji wa Kaskazini, ianze hapo kabla ya kugusa suala la bendera. Hakuna sababu ya kungoja kura ndipo mpango huo ukamilishwe.

Je, muungano utawafaa? Kwa muda mrefu naona Kaskazini ndiyo yenye faida kubwa zaidi ya kupata. Tija ya mfanyakazi wa Kusini iko juu kwa kiasi kikubwa, umri wa kuishi ni mrefu zaidi, na vijana wanaoacha masomo mapema ni wachache kuliko Kaskazini. Hata hivyo nina tahadhari moja ambayo wahamasishaji hawaitaji mara nyingi. Mafanikio hayo hayakuletwa na bendera; yaliletwa na miongo ya kuwekeza katika elimu na ya kuvutia makampuni ya kigeni. Kaskazini bado huchuja watoto wa miaka 11 kwa mtihani wa kuingia sekondari teule, na utaratibu huo usipobadilishwa, kuhamisha makao makuu kutoka London kwenda Dublin hakutamwongezea mtoto wa mitaa maskini ya Belfast chochote darasani. Kwa Kusini faida ni ya polepole na gharama ni ya haraka. Hiyo ndiyo sababu wanasiasa wake huusifu muungano hotubani na kunyamaza wanapofika kwenye bajeti.

Kuhusu ninyi wageni, yapo mawili. La kwanza ni kura yenyewe: sheria ya Uingereza ya 1998 inamwachia waziri anayeshughulikia Ireland ya Kaskazini kutaja, katika amri ya kuitisha kura, nani atapiga na swali litakuwa lipi. Katika kura ya kujitoa Umoja wa Ulaya mwaka 2016, raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wenye kibali halali cha kuishi Uingereza walipiga kura. Utaratibu huo ukifuatwa, wewe Mtanzania utakuwa na sauti bila kubadili uraia. La pili ni kibali chako. Mpakani hakuna kizuizi, lakini haki ya kuvuka bila masharti ni ya raia wa Uingereza na wa Ireland peke yao. Wewe mwenye viza ya kazi ya Uingereza unahitaji viza ya Ireland hata kwa safari fupi ya kutoka Derry kwenda Letterkenny, mji wa Donegal. Kisiwa kikiungana usumbufu huo utakwisha, lakini kibali kilichotolewa na London kitahitaji kutambuliwa na Dublin, pamoja na usajili wako wa uuguzi, na hilo linafaa kudaiwa liandikwe kabla ya kura.

SWALI: Nimesoma kwamba Wakatoliki sasa ni wengi kuliko Waprotestanti huko Kaskazini, na kwamba waziri kiongozi wake ni wa chama cha Sinn Féin kinachotaka muungano. Mbona basi kura haiitishwi? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Kwa sababu dini si kura. Sensa ya 2021 ilionyesha kwamba waliozaliwa au kulelewa katika Ukatoliki ni asilimia 45.7, na katika Uprotestanti 43.5, hakuna upande uliovuka nusu. Katika uchaguzi wa 2022 Sinn Féin kiliongoza, na Michelle O'Neill akashika wadhifa wake Februari 2024 baada ya mgomo wa miaka miwili wa wapinzani wake, lakini vyama vinavyotaka muungano na vinavyotaka kubaki Uingereza vilipata kila upande kiasi cha asilimia 40, na waliosalia walichagua vyama kama Alliance visivyochukua upande. Watu hao wa katikati ndio wataamua, na wengi wao wataangalia hospitali na mishahara. Uchunguzi wa maoni wa mwaka 2022 uliochapishwa na gazeti la Irish Times uliwakuta asilimia 27 tu Kaskazini wakiutaka muungano, dhidi ya 50 waliokataa.

Sheria inamlazimu waziri wa London anayeshughulikia Ireland ya Kaskazini aitishe kura pale atakapoona yaelekea wengi wataunga mkono, na ikishindwa nyingine haiwezi kufanyika kabla ya miaka saba. Kura pekee ya aina hiyo, ya Machi 1973, ilisusiwa na upande mmoja na kutoa asilimia karibu 99 za kubaki, matokeo ambayo hayakumfundisha mtu lolote. Sasa kinachotakiwa ni nusu na kura moja. Marehemu Seamus Mallon, Mkatoliki aliyekuwa naibu waziri kiongozi wa kwanza baada ya mkataba na aliyetaka muungano maisha yake yote, alihofia ushindi mwembamba wa namna hiyo na akapendekeza iwepo pia ridhaa ya kutosha miongoni mwa wanaopenda Uingereza. Simkubalii, kwa kuwa ingefanya kura ya mmoja izidi ya mwingine. Lakini hofu yake naiona ina msingi, na dawa yake ni kuandika mapema ni bunge lipi litabaki Stormont, yalipo makao ya bunge la Kaskazini mjini Belfast, ni alama zipi za taifa zitabadilishwa, na uraia wa Uingereza utalindwaje kwa wanaoutaka, haki ambayo mkataba wa 1998 tayari umeitambua.

SWALI: Mimi ni Mkenya ninayeishi Dublin kwa kibali cha kazi. Je, nitapiga kura? (Msomaji, Dublin)

JIBU: Kwa sheria ilivyo sasa, hapana. Katika Jamhuri kura ya maoni ya kubadili katiba ni ya raia peke yao, tofauti na uchaguzi wa halmashauri ambao kila mkazi anaweza kushiriki. Ukikamilisha miaka mitano ya ukaazi unaohesabika, ukiwemo mwaka wa mwisho mfululizo, unaweza kuomba uraia. Ireland inaruhusu uraia wa nchi mbili, na katiba ya Kenya ya 2010 nayo inauruhusu. Kwa jirani yako Mtanzania hesabu ni ngumu zaidi, kwa kuwa nchi yake hairuhusu.