Bibi wa samaki alimtukana mgeni kweli?

SWALI: Mhariri habari za kazi. Huku kijiweni tunabishana, jamaa anasema huko Cornwall, Uingereza, kuna msafiri alienda kumtafuta mtu wa mwisho anayejua lugha yao ya zamani akaishia kutukanwa na bibi muuza samaki. Ni kweli au kamba?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Sio kamba, mnunulieni jamaa soda yake. Msafiri mwenyewe ni Daines Barrington, mwanasheria, mwaka 1768 alifika Mousehole, kijiji cha wavuvi, akapelekwa kwa Dolly Pentreath. Akamchokoza eti ameweka dau kwamba hakuna tena anayeweza kuongea Kikornishi, weee, bibi akawaka, dakika mbili tatu anashusha tu, na majirani wawili, wanawake wenye umri mkubwa, wamesimama milangoni kwao wanacheka. Barrington akawauliza, eti ananitukana? Wakamjibu ndio, tena sana.

Sasa mimi kinachoniuma, Barrington hakutuachia hata tusi moja! Katuambia tu ilisikika kama Kiwelisi (lugha hizo ni ndugu, zote za Kikelti), basi.

Miaka zaidi ya 200 kabla yake kuna daktari mmoja, Andrew Boorde, zamani alikuwa mtawa, kwenye kitabu chake cha safari alichokiandika 1542 aliweka namba za Kikornishi, mbili ni dow, tano ni pimp, kumi ni dec, halafu sentensi za mgeni mwenye njaa: binti nipe mkate na kinywaji, binti lete mayai na siagi, nadaiwa shilingi ngapi hapa. Kiwelisi nacho alikifanyia hivyo hivyo. Tahajia yake ni vurugu tupu, kaandika alivyosikia kwa sikio la Kiingereza, lakini angalau kaandika, na ndio maana mimi namheshimu mtu wa tumbo kuliko yule msomi wa dau.

Ila kwenye "wa mwisho" jamaa yako kateleza. Wale majirani si walielewa matusi? Na mwaka 1776, Dolly akiwa bado hai, mvuvi wa hapo hapo Mousehole, William Bodinar, alimwandikia Barrington barua kwa Kikornishi, akaeleza kwamba alikiokota utotoni baharini akivua na wazee. Dolly alifariki 1777, Bodinar akaishi mpaka 1789.