Maswali ya Wasomaji: Kutazama Kuogelea kwa Dunia Ukiwa Uganda

Kila Olimpiki natazama fainali za kuogelea hadi mwisho, lakini Mganda simwoni. Huwa hatupeleki watu?
*Msomaji, Jinja*

Tunapeleka, ndugu yetu. Unafungua televisheni wakati wao wameshaogelea. Paris 2024 tuliwakilishwa bwawani na Gloria Muzito, mita 100 mtindo huru, na Jesse Ssengonzi, mita 100 kipepeo. Wote wawili waliingia majini kwenye mchujo wa asubuhi, kipindi kilichoanza saa tano kwa saa za Paris, yaani saa sita mchana Kampala. Aliyesubiri jioni aliwakosa.

Siku ya kuogelea ina vipindi viwili. Kimoja ni cha mchujo, kingine ni cha nusu fainali na fainali. Mbio za mita 50, 100 na 200 huchukua watu 16 wenye muda bora katika mchujo mzima, kisha nusu fainali hubakiza wanane. Kuanzia mita 400 hakuna nusu fainali, wanane bora wa mchujo wanakwenda fainali moja kwa moja. Nchi ambayo haina muogeleaji aliyefikia muda wa kufuzu Olimpiki inaweza kupewa nafasi ya mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, na wengi wanaopitia mlango huo hawavuki mchujo. Kwa hiyo mpenzi wa kuogelea wa Uganda anayeruka mchujo ameruka sehemu iliyo yake.

Jambo la pili ni mpangilio wa makundi. Makundi ya mchujo hupangwa kwa muda ambao kila mtu ameandikishwa nao, yaani muda aliowahi kuogelea kabla ya mashindano. Wenye muda mrefu hutangulia, na majina makubwa hugawanywa katika makundi matatu ya mwisho (mawili kwa mita 400). Mganda basi mara nyingi yuko kundi la kwanza, la pili au la tatu. Ukichelewa dakika kumi, umekuta Wamarekani na Waaustralia.

Fanya hivi. Jioni ya kabla ya mbio, fungua tovuti ya World Aquatics, shirikisho lililoitwa FINA hadi mwanzoni mwa 2023, au ya Omega, wapima muda rasmi. Tafuta orodha ya waogeleaji wa mbio unayoitaka, kisha herufi UGA. Nakili mambo matatu: namba ya kundi, namba ya njia, na muda wa kuandikishwa. Kundi moja la mita 50 au 100 hula kama dakika mbili, ukihesabu kutambulishwa na kutoka majini, hivyo kundi la tatu litaruka dakika ya nne au ya tano tangu mbio hiyo ianze.

Akimaliza, linganisha muda wake mpya na ule wa kuandikishwa. Hapo ndipo utajua kama ameogelea vizuri. Nafasi ndani ya kundi hudanganya. Anayeshinda kundi la pili anaweza kuwa wa sabini kwa jumla, na kila mara kuna wanaosambaza kwenye WhatsApp kwamba "ameshika wa kwanza", kisha jioni wanauliza kwa nini hayumo fainali. Kwenye karatasi ya matokeo, DSQ maana yake ameondolewa kwa kuvunja kanuni, DNS hakuanza, Q amepita, R ni wa akiba. NR ndiyo herufi ya kuitafuta kwa hamu: rekodi ya taifa. Rekodi ya taifa iliyovunjwa kundi la pili, ukumbi ukiwa bado unajaa, ni habari kubwa kwetu hata kama mtangazaji hakuitaja.

Ratiba iliandika 10:00. Nikaamka saa kumi alfajiri, nikakuta bwawa tupu. Nilikosea wapi?
*Msomaji, Busia*

Umefanya makosa mawili kwa pamoja, dada. Kwanza, 10:00 ya ratiba ni saa nne asubuhi kwa Kiswahili. Pili, hiyo ni saa nne ya mji wa mashindano. Rekebisha kwanza tofauti ya saa kati ya nchi huku ukibaki na tarakimu za saa 24, na ukishapata saa ya Kampala ndipo uisome kwa Kiswahili. Ukianza na Kiswahili utachanganyikiwa.

Singapore na Beijing ziko mbele yetu kwa saa tano. Mchujo wa saa 10:00 Singapore ni 05:00 hapa, saa kumi na moja alfajiri. Fainali ya 19:00 ni 14:00, saa nane mchana. Budapest, wenyeji wa mashindano ya dunia ya 2027, iko nyuma yetu kwa saa moja wakati wa kiangazi na saa mbili wakati wa baridi, kwa kuwa wenzetu wa Ulaya hubadilisha saa zao na sisi hatubadilishi. Los Angeles, wenyeji wa Olimpiki ya 2028, itakuwa nyuma kwa saa kumi: jioni ya 18:00 kule ni 04:00 kwetu, na tarehe imeshageuka. Andika tarehe ya Kampala kwenye kalenda yako, maana hapo ndipo watu hukosa siku nzima.

Natazama kwa simu. Data inaisha haraka, picha inavunjika vipande waogeleaji wanaporuka, na rafiki yangu mwenye dishi hunitumia matokeo kabla sijaona mbio. Nifanye nini?
*Msomaji, Ntinda, Kampala*

Matatizo yako matatu yana sababu tatu tofauti.

Tuanze na picha. Video ya intaneti hupunguzwa ukubwa kwa kutuma yale tu yaliyobadilika kutoka picha moja hadi nyingine. Uwanja wa mpira wa miguu ni majani yaleyale dakika tisini. Bwawani kila tone linahama. Wanane wakipiga maji kwa pamoja, karibu picha nzima inabadilika, na mtandao mwembamba hauwezi kubeba. Ndiyo maana 360p (kiwango cha ubora wa picha; namba ikipanda picha ni safi zaidi) inayokutosha kwa mpira hugeuka uji kwenye kipepeo. Kwa kuogelea usishuke chini ya 480p. Chagua mwenyewe kiwango hicho kwenye mipangilio ya video, usikiache kijichagulie, kwa sababu kikijichagulia hushuka palepale maji yanapochafuka.

Sasa data. Kwa makadirio, 480p hula kama MB 600 kwa saa, na 720p kama GB 1.5. Kipindi cha fainali ni takriban saa mbili, na kuogelea kwa mashindano ya dunia hudumu siku nane. Hizo ni saa 16: karibu GB 10 kwa 480p, au GB 24 kwa 720p. Kumbuka pia kwamba tangu Julai 2021 bando la intaneti linabeba ushuru wa asilimia 12, uliochukua nafasi ya ile kodi ya shilingi 200 kwa siku ya mitandao ya kijamii. Nunua bando moja la wiki au la mwezi kabla ya siku ya kwanza. Mabando madogo ya kila siku hukuacha katikati ya mita 1500. Zima pia masasisho ya programu na upakuaji wa picha za WhatsApp, vinakula bando bila wewe kujua.

Matokeo kukutangulia hutokana na ucheleweshaji. Matangazo ya intaneti mara nyingi huja sekunde 20 hadi 45 nyuma ya tukio, huku dishi likichelewa sekunde chache tu. Kwenye mpira hilo huvumilika. Mita 50 mtindo huru kwa wanaume huisha kwa takriban sekunde 21, kwa hiyo mwenzako anaweza kuwa ameona mshindi wakati kwako bado wamesimama juu ya vibao. Hakuna mpangilio wa simu utakaofuta pengo hilo. Funga arifa zote, mwombe rafiki asubiri dakika mbili, na usifungue ukurasa wa matokeo hadi mbio iishe kwenye skrini yako.

Ukikuta maandishi kwamba video haipatikani nchini mwako, simu yako haina tatizo. Haki za kuonyesha huuzwa nchi kwa nchi. Kagua mapema, wiki moja kabla, ni nani anaonyesha hapa na kwa kifurushi kipi, maana chaneli ya michezo inayobeba kuogelea huenda haimo kwenye kifurushi cha bei ya chini.

Nina kibanda cha mpira. Ligi ya Uingereza ikifungwa viti vinabaki vitupu. Kuogelea kunaweza kuleta watu?
*Mwenye kibanda, Arua*

Kunaweza, na kalenda iko upande wako. Kuogelea kwa Paris kulianza Julai 27 hadi Agosti 4, 2024, na kwa mashindano ya dunia ya Singapore Julai 27 hadi Agosti 3, 2025. Zote zilianguka kwenye lile pengo la kabla ya ligi kurudi katikati ya Agosti.

Usiuze kama mpira, lakini. Mteja wa mpira hulipa akakaa dakika tisini. Kuogelea ni sekunde chache za moto, kisha dakika kadhaa za utambulisho na medali. Weka kiingilio kimoja cha kipindi kizima, na uweke ubao wa chaki mbele: njia 1 hadi 8, jina na nchi ya kila mmoja. Bila ubao watu wanaona kofia nane tu. Futa na uandike wakati wa kukabidhi medali, muda unatosha.

Umeme uhesabu mapema. Projekta ya wati 250, dekoda ya 20 na spika za 50 ni wati 320. Kwa saa mbili na nusu hiyo ni kama Wh 800 (wati mara saa). Betri ya risasi ya 12V, Ah 100, hubeba Wh 1200, ila ukiitumia zaidi ya nusu mara kwa mara inakufa haraka, na inveta nayo hupoteza sehemu. Unabaki na kama Wh 500, kwa hiyo projekta inahitaji betri mbili. Televisheni ya inchi 43 ya wati 80 hivi, pamoja na dekoda na spika hizohizo, inatoshewa na moja. Na hakikisha usajili wako ni wa biashara. Kadi ya nyumbani hairuhusiwi kwenye ukumbi wa kulipia, na inaweza kukatwa katikati ya fainali.

Binti yangu anaogelea klabu. Hatazami mashindano, anatazama vipande vifupi tu kwenye simu. Vina faida?
*Mama wa Entebbe*

Vina faida nusu, mama. Kipande kifupi kwa kawaida ni mita 15 za mwisho na mikono juu. Kinachomfunza muogeleaji kiko mwanzo na kwenye mgeuko. Mtafutie mbio nzima ya mita 100 na umpe kazi mbili. Ahesabu mapigo ya miguu chini ya maji kabla kichwa hakijatokeza. Kwa mtindo huru, kipepeo na mgongo kichwa lazima kiwe juu kabla ya mita 15. Kisha aandike muda wa mita 50 za kwanza na za pili. Pan Zhanle wa China alipoweka rekodi ya dunia ya mita 100 mtindo huru, sekunde 46.40, Paris 2024, nusu ya kwanza ilikuwa 22.28 na ya pili 24.12. Binti yako akigundua kwamba yeye hupoteza sekunde tano au sita kwenye nusu ya pili, atajua amwulize nini kocha wake.

Ahakikishe tu analinganisha bwawa kwa bwawa. Muda wa bwawa la mita 25 huwa mfupi kwa sababu ya kujisukuma ukutani mara nyingi zaidi, na rekodi zake huwekwa kando.

Aliye njia ya 8 ana nafasi yoyote?
*Msomaji, Bombo*

Anayo. Mwenye muda bora hupewa njia ya 4, kisha hufuata 5, 3, 6, 2, 7, 1 na 8. Njia ya 8 ni ya aliyepita wa mwisho, na kamera humsahau. Olimpiki ya Tokyo, fainali ya mita 400 mtindo huru, Ahmed Hafnaoui wa Tunisia aliogelea humo na akatoka na dhahabu kwa 3:43.36.